Miungu ya Mwezi Juu ya Karakana ya Matairi

Kanisa letu lilikuwa ghorofa ya juu ya karakana ya matairi, katika eneo la viwanda ambalo siku ya Jumapili halikuwa na viumbe wengine isipokuwa sisi na kunguru. Mchungaji aliliita hekalu. Harufu ya mpira ilipanda kupitia sakafu, ikajichanganya na maombi, na mchungaji akatueleza kwamba hiyo ndiyo harufu ya vita vya kiroho. Watu wazima wenye akili zao, waliofaulu mitihani ya Kiswidi na kupata leseni ya kuendesha gari kwenye theluji, tulivuta pumzi tukasema amina.

Mimi nilizaliwa Uvira. Nilipitia kambi ya wakimbizi Kigoma, ambako Kiswahili changu kilinyooshwa na walimu wa Kitanzania, kisha nikafika Stockholm na mume na mimba ya mapacha. Walipozaliwa, wasichana wawili, jina langu likafa. Nikawa Mama Mapacha, kanisani, dukani, hata kwa watu nisiowajua. Tuliishi Hallunda. Mume wangu aliendesha basi, mimi nilikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali ya Flemingsberg, na mapacha walipofika umri wa kujipikia tambi wenyewe niliamua kurudi shule.

Nilitaka kusomea famasia. Nafasi zilikuwa zimejaa. Kozi iliyokuwa bado inatafuta watu, jioni, katika chuo kimoja cha mjini, ilikuwa ya dini za kale. Nikaona afadhali dini za kale kuliko kukaa nyumbani nikisikiliza kanda za mchungaji, ambazo mume wangu alizipiga jikoni kama watu wengine wanavyopiga muziki.

Mhadhiri wetu alikuwa Mswidi mwembamba aliyevaa sweta moja msimu mzima, na aliyeamini kwamba kila mtu mweusi ametoka kijijini jana. Wiki za mwanzo zilihusu miungu ya mwezi. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo, lakini kila alipofika mahali pazuri alinigeukia, sauti ikalainika, kama mimi ninavyozungumza na wagonjwa waliochanganyikiwa.

"Na kwenu," aliniuliza siku ya kwanza, "mwezi ulikuwa nani?"

Darasa zima likanitazama. Babu yangu alikuwa shemasi wa Kipentekoste. Mama yangu aliimba kwaya mpaka uchungu ulipomkuta madhabahuni. Kuhusu mizimu ya mababu zangu nilijua kidogo kuliko yule mhadhiri.

"Kwetu mwezi ulikuwa taa," nilimjibu. "Ukiwaka, unaiona njia ya kwenda chooni."

Aligeukia ubao akaandika: mwanga, njia, utakaso.

Hata hivyo kozi ilininasa. Nilikuwa nimelelewa nikijua kwamba miungu ya kale ni sanamu zenye midomo isiyosema, basi, habari imekwisha. Sasa nikasoma juu ya Nanna, mungu wa mwezi wa mji wa Uru, ambaye watu wake waliuona mwezi mwandamo wakasema ni pembe za fahali, na nyota ni ng'ombe wake. Nikasoma juu ya Khonsu wa Wamisri, mungu msafiri, na Selene wa Wayunani aliyevuka mbingu kwa gari la farasi. Nikajua pia kwamba mababu wa Waswidi waliuona mwezi kuwa mwanamume, ndugu yake jua, na jua ndilo lililokuwa mwanamke. Jambo hilo lilimuudhi sana mwanafunzi mwenzangu mmoja, mama mwenye mkufu wa mwezi wa fedha, aliyekuja darasani akiwa na hakika kwamba mwezi ni mungu wa kike popote ulipo duniani. Alipoambiwa kwamba bibi zake mwenyewe hawakukubaliana naye, alinuna mpaka wakati wa kahawa.

Jioni niliwasimulia mapacha kwa Kiswahili, nao wakaniuliza maswali kwa Kiswidi, kama kawaida yao. Kwa muda mfupi nyumba yetu ilikuwa na mazungumzo mezani. Kisha mchungaji akaja kula.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia mwanzoni mwa vuli. Mchungaji alikuwa ametoka mkutano wa Brussels, akarudi na viatu vipya vyenye ncha kama penseli, pamoja na ufunuo. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu. Alikula filigisi, ambayo katika nyumba yangu ni ya mume wangu. Mume wangu aliitazama ikipotea akatabasamu, kwa sababu alikuwa ameahidiwa kusimikwa mzee wa kanisa kabla ya Krismasi, na mtu anayengoja kusimikwa humeza mengi.

"Mama Mapacha," mchungaji alianza, akijifuta vidole, "nasikia unasoma mambo ya giza."

"Nasoma mambo ya kale, mchungaji."

"Ni yaleyale. Lakini Bwana hutumia hata giza. Hawa jirani zetu wanaofunga sasa hivi, unajua wanamfungia nani?"

"Mungu."

"Mungu yupi? Hapo ndipo penye siri." Aliinama mbele kana kwamba jirani zetu walikuwa chini ya meza. "Wanamwabudu mungu wa mwezi. Yule wa zamani, wa jangwani. Ndiyo maana wanautafuta angani kabla ya kufunga. Ndiyo maana umechorwa juu ya misikiti. Nimeonyeshwa Brussels, kwa video, mambo yote wazi. Sasa kanisa zima hakuna aliyesoma miungu ya mwezi isipokuwa wewe. Bwana hakukupeleka huko bure. Utatufundisha semina."

Mume wangu alininyanyulia nyusi. Zilikuwa nyusi za kuomba.

"Mchungaji," nilisema, "nitasema nilichokisoma."

"Hasa! Nilichosema mimi, lakini kwa kisomo."

Alimaliza wali, akaombea nyumba, akatembea na viatu vyake vya penseli juu ya zulia langu hadi mlangoni. Alipotoka, mume wangu alinikumbatia. Alisema sasa familia yetu imepata heshima. Nilitazama sahani yenye mifupa nikawaza kwamba heshima yenyewe imekula filigisi.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mwanamke kutoka Barawa, kwenye pwani ya Somalia. Watu wa kwao wana lugha yao ambayo ni ndugu wa Kiswahili, na yeye aliniongelesha kwa lugha hiyo, mimi nikamjibu kwa yangu, tukaelewana kama watu wanaozungumza kupitia mlango uliofungwa nusu. Tuliazimana vitunguu. Alinitunzia mapacha nilipokuwa zamu. Kesho yake alasiri nilimkuta jikoni kwake akikunja sambusa za kufuturu, nikaona nimuulize mwenyewe.

"Dada, hivi mwezi mnautafuta wa nini?"

"Ili tujue lini tuache kula, na lini tuanze tena. Kwani vipi?"

"Mchungaji wangu anasema mnauabudu."

Aliweka chini sambusa. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anakusanya nguvu za kucheka.

"Mwezi?" alisema. "Mwezi wa hapa? Huu ambao wingu limeukalia tangu tuhamie?" Alicheka hadi akashika meza. "Mwaka jana mume wangu alimpigia simu kaka yake Mombasa, akaambiwa haujaonekana. Kaka yangu mimi akafuata Saudia, umeonekana. Binti yangu akatazama kompyuta, ikasema la tatu. Tumekula Idi siku mbili katika nyumba moja, na hawa wakiwatazama wale kama wezi. Mungu wa namna hiyo unamwabuduje? Si utapata wazimu?"

Kisha uso ukabadilika.

"Kitabu chetu kimekataza wazi kulisujudia jua wala mwezi. Wazi kabisa. Mchungaji wako hasomi?"

"Anasoma kimoja."

"Na hicho anakisoma?"

Nilimsaidia kukunja sambusa mpaka wakati wa kwenda kazini.

Wiki iliyofuata matangazo yalibandikwa katika kila duka la Kiafrika kuanzia Hallunda mpaka Tensta. Juu kabisa iliandikwa SIRI YA MWEZI YAFICHULIWA. Chini yake ilikuwa picha yangu, ile ya pasipoti, ambayo ndani yake nafanana na mtu aliyekamatwa mpakani. Walinizungushia radi. Upande wa kushoto waliweka mbwa mwitu anayelia. Na mimi, ambaye sikuwa nimefanya hata mtihani wa kwanza, nilikuwa nimeandikwa Daktari. Nilimpigia simu mchungaji nikamwambia mimi si daktari.

"Kwa imani, Mama Mapacha," alinijibu. "Kwa imani."

Siku ya semina, Jumamosi jioni, ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wakongomani wote niliowafahamu walikuwepo, na Warundi na Wanyarwanda wa kwaya. Mstari wa mbele walikaa wageni Waswidi watatu kutoka kusanyiko rafiki, wazee wapole waliokuja kila mara kupiga makofi nje ya mdundo na kusema kwamba Waafrika wana imani iliyo hai. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya vijana wetu ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye salamu, kulikuwa na mkalimani. Alikuwa shemeji yake mchungaji. Hakutafsiri kama watu wa mahakamani wanavyotafsiri. Alitafsiri kwa mwili mzima: mhubiri akiruka naye huruka, mhubiri akilia naye hutoa leso.

Mimi sikuruka. Nilisimama na karatasi zangu nikaanza na Uru, mji wa kale wa Mesopotamia, na Nanna wake mwenye pembe za fahali. Shemeji alitafsiri sawasawa. Nikaendelea na Misri. Sawasawa. Nikaja India, kwa Chandra, mungu wa mwezi aliyeoa mabinti ishirini na saba wa baba mmoja, kisha akampenda mmoja tu na kuwasahau wengine wote. Wale waliosahauliwa walimlilia baba yao. Baba akamlaani mkwe wake akonde mpaka aishe. Ndiyo maana, wanasema, mwezi hupungua.

Akina mama wakacheka kwa sauti. Nyuma mmoja akasema, "Hiyo laana iletwe hapa Hallunda!" Hata shemeji alilitafsiri hilo la mabinti kwa raha. Nikaanza kuamini, mjinga mimi, kwamba mambo yangekwenda vizuri. Nilimwona mume wangu karibu na spika, amevaa suti ya harusi yetu, akitikisa kichwa kwa fahari kila nilipofungua mdomo.

Nikasema kwamba hata Waswidi, kabla ya kubatizwa, walikuwa na mungu wao wa mwezi, mwanamume anayekimbizwa angani na mbwa mwitu. Shemeji akawatazama wageni wa mbele, akameza mate, akasema kwa Kiswidi, "Na mataifa mengine maskini pia." Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Niliona lakini nikapuuza. Nilidhani ni aibu tu.

Kisha nikafika pale palipowaleta watu.

"Mchungaji ameniomba niwaambie kama jirani zetu Waislamu wanamwabudu mungu wa mwezi. Nimesoma, nimeuliza. Jibu ni hapana. Kitabu chao kinawakataza. Kwao mwezi ni kalenda, na sisi pia tuna kalenda hiyo, maana Pasaka yetu huhesabiwa kwa mwezi mpevu."

Shemeji alitazama upande wa mchungaji. Mchungaji, macho yamefumbwa kama mtu anayeomba, alimtikisia kichwa kidogo sana. Shemeji akavuta pumzi, akaruka, akapaza sauti kwa Kiswidi:

"Mchungaji ameuliza kama Waislamu wanamwabudu mungu wa mwezi. Dada amesoma! Dada amechunguza! Na jibu ni ndiyo! Na Pasaka yetu wanaichukia!"

Wageni Waswidi wakashika vifua. Mmoja akatoa kalamu.

Mapacha wangu walikuwa mstari wa tatu. Mmoja wao, yule ambaye nyumbani simtoi neno, alisimama juu ya kiti.

"Han ljuger!" alipiga kelele. "Anadanganya! Mama hakusema hivyo!"

Vijana wote wakaangua kicheko. Hao ndio pekee waliokuwa wamesikia pande zote mbili vizuri, hao tuliowaita kizazi kilichopotea. Wazazi waliwakanya bila kujua wanacheka nini. Damu ilinipanda masikioni. Nilimwomba shemeji maiki yake, akaikumbatia. Basi nikawageukia wageni nikawaambia kwa Kiswidi changu mwenyewe, Kiswidi cha wodini, kwamba nimesema hapana, si ndiyo. Naye shemeji, bila haya wala kupepesa, akaanza kunitafsiri kurudi kwenye Kiswahili.

"Anasema," aliwaambia watu wangu kwa lugha yangu, mbele yangu, "hata kwa Kiswidi jibu ni ndiyo!"

Nimeona watu waongo maishani. Nimekaa kambini miaka, nimesimama mbele ya makarani wenye mihuri. Lakini sijawahi tena kumwona mtu akinipokonya maneno kinywani kwa lugha mbili katika dakika moja, kisha akajifuta jasho kama aliyefanya kazi ya halali.

Nikaacha karatasi. Nilipaza sauti, kwa maana maiki yangu ilikuwa imeanza kukatika.

"Mkimtafuta mtu aliyetoka nyumbani kwa mungu wa mwezi," nilisema, "msigonge mlango wa jirani. Ni Ibrahimu! Baba yake alimtoa Uru akampeleka Harani, na miji yote miwili ilikuwa ya mungu wa mwezi. Biblia yenyewe inasema baba zake waliabudu miungu mingine. Ni Ibrahimu, baba yetu sisi, na baba yao!"

"Zima maiki!" mchungaji alinguruma. "Zima! Roho ya mwezi imemwingia dada yetu!"

Ilichukua muda mfupi mno. Kinanda kikaanza kupiga polepole, kama kinavyopiga mtu anapofunguliwa mapepo. Wazee wa kanisa wakanizunguka. Mchungaji aliweka kiganja kwenye paji la uso wangu akaanza kusukuma, maana kwetu pepo halihesabiki kuwa limetoka mpaka mtu aanguke. Nilikaza miguu. Kazi yangu ilikuwa kuinua wagonjwa wa kilo mia. Mchungaji alikuwa mtu wa maneno. Alisukuma, akanuka marashi, akasukuma tena, viatu vyake vikateleza kwenye sakafu. Nilimtazama machoni kwa karibu, na nilichokiona hakikuwa uovu. Ningekiheshimu uovu. Nilimwona mtu aliyetazama video moja Brussels na asiyetaka kuharibiwa Jumamosi yake.

Katikati ya kelele hizo bibi mmoja Mrundi, aliyekaa ukingoni akiwa na fimbo yake, alinishika sketi.

"Mwanangu," aliniuliza taratibu, "yule mwezi wa wake wengi, alipona?"

"Nusu, mama," nilimwambia juu ya mkono wa mchungaji. "Laana ilipunguzwa. Siku kadhaa anakonda, siku kadhaa ananenepa."

"Anastahili," alisema bibi, akaachia sketi yangu.

Niliuondoa mkono wa mchungaji usoni kwangu, nikamrudishia kama mtu anavyomrudishia mwenzake mwavuli aliousahau. Nikawaita mapacha. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa palepale karibu na spika, ameketi, anatazama vifundo vya vidole vyake. Nilimngoja. Kwaya iliimba ubeti mzima nikimngoja. Hakuinuka. Tukashuka ngazi sisi watatu, na chini mlangoni mmoja wa wale wageni Waswidi alituwahi, macho yamejaa machozi, akanishika mkono akasema ilikuwa jioni yenye nguvu sana na kwamba imani yetu ni hai kwelikweli. Hakuwa ameelewa hata kidogo nani alikuwa anamfukuza nani.

Mume wangu alirudi nyumbani baadaye. Alivua koti akalitundika kwa uangalifu kupita kiasi.

"Ungeweza kusema ndiyo tu," alisema.

"Ndiyo kwa jambo ambalo si kweli?"

"Kwa ajili yangu. Pasta ameniambia nafasi yangu atapewa shemeji yake."

"Mkalimani hodari. Atawafaa."

"Usinicheke, Mama Mapacha."

"Sikucheki. Nilikungoja."

Hakuuliza nilimngoja wapi. Alikwenda kulala, nami nikabaki jikoni nikimdharau mtu niliyevuka naye Ziwa Tanganyika katika boti lililokuwa likivuja. Ni jambo baya kumdharau mtu wa namna hiyo. Mchungaji nilimdharau kwa furaha, na shemeji yake, na mhadhiri na ubao wake. Dharau hizo zilikuwa nyepesi, kama kumenya kitunguu kilichokwisha kauka. Hii ya mume wangu ilikaa tumboni. Nilimpikia, nilimpigia pasi sare, nilimjibu alipouliza, na muda wote ilikuwa pale.

Nilitegemea angalau jirani yangu wa Barawa angefurahi. Nilimpelekea habari yote siku ya pili, nikiwa, nadhani, nimejivika taji dogo. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Nani alikutuma unitetee?" aliuliza.

"Hakuna. Nilisema ukweli tu."

"Ukweli gani? Kwamba mimi si mwabudu mwezi? Ahsante sana. Kesho na mimi nitasimama msikitini niwaambie watu kwamba ninyi hamuabudu mbao na misumari. Watanipigia makofi." Alifungua kabati akalifunga. "Mlikaa watu wote hao juu ya karakana kunijadili mimi, ninayelala ukuta kwa ukuta na wewe. Hata mmoja hakuja kubisha hodi na kuniuliza."

"Mimi niliuliza."

"Wewe ndiyo," alikubali, bila kulainika. "Mmoja."

Alinikasirikia hadi Idi, ambayo mwaka ule, kwa bahati, walikubaliana iwe siku moja. Siku hiyo mapacha walirudi kutoka kwake na sinia la halua, na hakuna maneno yaliyotumwa pamoja nalo. Mume wangu alilitazama sinia muda mrefu. Asubuhi, kabla watoto hawajaamka, niliona halua imepungua.

Mtihani wa dini za kale nilifaulu, kwa alama ya kawaida tu. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba angependa kuona zaidi mtazamo wangu wa Kiafrika. Karatasi ile ilihusu Babeli.

Mimi sikurudi karakana. Mume wangu alirudi, kila Jumapili, peke yake, amevaa suti. Mapacha walimtazama akitoka wakaendelea na mkate wao. Kwa muda wa wiki kadhaa mchungaji alihubiri juu ya Yezebeli. Sikushangaa, mchungaji wa aina ile akiishiwa huwa ana Yezebeli akiba. Mume wangu hakuniambia, lakini habari za kanisani hazihitaji mume, zilinifikia dukani nikichagua ndizi. Kisha Yezebeli akaisha na mchungaji akahamia kwa mumewe Yezebeli. Alihubiri juu ya mwanamume anayetawaliwa na mke nyumbani mwake, akimtazama nani kila mtu alijua, huku shemeji akitafsiri na kuiga kwa mwili jinsi mwanamume huyo anavyotembea.

Jumapili hiyo nilikuwa nasuka nywele za pacha mmoja sebuleni. Kufuli ikazunguka saa ambayo ibada bado haijafika hata kwenye sadaka. Mume wangu aliingia, akavua viatu, akalegeza tai.

"Unaumwa?" nilimuuliza.

"Hapana. Nimetoka katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya shemeji akiiga ninavyotembea." Alikaa kwenye kiti chake. "Niliinuka. Pasta alisema kaa. Nikamwambia nimeendesha basi wiki nzima, nimekaa vya kutosha."

Pacha alianza kucheka, nikamshika kichwa kitulie kwa sababu nywele zilikuwa zinaponyoka. Mimi sikucheka. Wala sikumsifu. Alikuwa amechelewa sana, na alikuwa ameinuka kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Hilo sote wawili tulilijua.

"Chai ipo?" aliuliza.

"Ipo kwenye chupa."

Alikwenda jikoni akajimiminia mwenyewe. Baadaye kidogo nikasikia anatoa viazi kwenye droo na kuanza kuvimenya, vibaya kama siku zote, akitupa nusu ya kiazi pamoja na ganda.